Nilikata ukimya, somo likapotea

Miaka saba sasa naediti harusi na sendofu hapa Mbeya mjini, na kwenye harusi ukimya ni adui. MC akinyamaza unakata, bibi harusi akisimama mlangoni wanamrekebisha shela unakata, juu unaweka muziki, watu wanafurahi. Kwahiyo dada yangu ambaye ni mwalimu wa msingi kule Tukuyu aliponiomba nimsaidie video ya hisabati niliona ni kazi ya jioni moja tu.

Alikuwa kajirekodi kwa simu, dakika 22, kugawanya sehemu kwa sehemu. Daftari liko mezani, simu kaiegesha juu kwa juu inaangalia mkono wake, unaona kalamu na unasikia sauti basi. Nikaiingiza kwenye Shotcut (programu ya kuediti video, ni ya bure na laptopu yangu ya zamani inaiweza, ukiwasha proksi, yaani nakala nyepesi ya kufanyia kazi, hata klipu nzito inatembea), nikaanza kukata. Kila pumzi, kila "eee", kila alipokaa kimya anaandika, vyote nikatoa, nikaweka na muziki wa taratibu chini, na transisheni za kuzunguka, yale madoido ya kuhama kipande kwenda kingine. Dakika 22 zikawa 6. Niliiangalia mara tatu nikaridhika kabisa.

Wikiendi ile nikaenda nayo Tukuyu nikampa binti yake wa darasa la sita aangalie, ana daftari na penseli tayari. Mama yake kwenye video anasema robo tatu gawanya kwa nusu, tunapindua ile ya pili, nusu inakuwa mbili juu ya moja, tunazidisha, kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, sita juu ya nne, moja na nusu. Sekunde kama kumi hivi imeisha. Mtoto penseli iko hewani. "Mjomba simamisha kwanza." Nikasimamisha. Akaandika, nikaendelea, "mjomba simamisha." Mpaka mwisho alisimamisha sijui mara ngapi, na nilipomuuliza kwanini tunapindua ile ya pili na sio ya kwanza akaniangalia tu.

Dada hakunilaumu, alisema kitu kimoja, kwamba darasani akiuliza swali huwa anageuka anafuta ubao hata kama hauna kitu, ili watoto wapate muda wa kufikiri bila kuangaliwa. Yani ule ukimya niliokuwa naukata ndio somo lenyewe!!

Nikarudi Mbeya nikaianza upya. Sasa kwa wewe unayeanza kuediti video za kufundisha hiki ndicho ninachokuomba ukishike kuliko kitu kingine chochote, kuna ukimya wa aina mbili. Kuna ule wa mwalimu kutafuta karatasi, kukohoa, kurudia sentensi aliyokosea, huo toa bila huruma. Na kuna ule baada ya swali, au pale mkono unapoandika hatua mpya, huo uache, na ukiwa mfupi urefushe. Kwenye Shotcut kitufe cha S kinakata, X kinafuta na kuvuta kilichobaki kije mbele, Z kinafuta lakini kinaacha pengo, mimi kwenye harusi nilikuwa sijawahi kugusa Z. Kurefusha ni rahisi, unatoa picha moja ya pale mkono uliposimama, unaiweka kwenye taimulaini, ule mstari wa klipu, sekunde tano sita, umemaliza.

Ila angalia, ukiweka ile picha bila sauti yoyote inasikika kama simu imezima, mtoto anaanza kuigusagusa. Ndiyo maana kabla ya kurekodi somo namwambia dada aache simu irekodi chumba kitupu sekunde 20, hakuna anayeongea, ile sauti ya chumba naitandika chini ya mapengo yote na hutasikia nilipounga. Hiyo hiyo inasaidia Audacity, programu ya kuediti sauti, kujua kelele ni ipi ukitaka kuipunguza. Mvua kwenye bati lakini haipunguziki, sauti ya mtu inatoka kama yuko ndani ya pipa, na Tukuyu mvua mnaijua, kwahiyo ikianza kunyesha tunaacha tunakunywa chai. Kipande kimoja nilijaribu kumrekodi upya kwangu, karibu na barabara ya Tunduma, malori yakatuharibia.

Muziki niliutoa wote. Transisheni pia, kukata kavu kunatosha. Maandishi nayaweka makubwa kwasababu wengi wanaangalia kwenye simu ya mzazi yenye kioo cha kupasuka, na neno likitokea lisitoke kabla mtoto hajalisoma, mimi nalisoma mara mbili kwa sauti ndio naliondoa.

Toleo la pili likafika dakika 11. Ukubwa wa faili unapigwa hesabu hivi, dakika 11 ni sekunde 660, ukiiseva video iliyokamilika kwa megabiti 2 kila sekunde unapata megabiti 1,320, gawanya kwa 8 (megabiti 8 ni MB moja) ni kama MB 165. Ukiweka megabiti 8 inakuwa MB 660 na hapo bando la mzazi limekwisha. Kwa mkono na daftari ubora wa picha wa 720p unatosha kabisa, na WhatsApp itume kama dokumenti isije ikabanwa namba zikafifia.

Binti alipoangalia hii ya pili hakuniita. Pale mama yake alipouliza robo tatu ina nusu ngapi ndani yake, na picha ikasimama, alichora mkate kwenye daftari akaukata mwenyewe.

Jumamosi nashuka tena na mablanketi mawili ya kutundika ukutani, tunarekodi desimali. Nimemwambia dada akishauliza swali aweke kalamu chini ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ili safari hii ukimya utoke kwake na sio kwenye laptopu yangu.