Bata mzinga, maji ya chumvi na kidari cha baba

Saa hizi ni saa tano na nusu usiku, nyumba imetulia, vyombo karibu vyote vimeoshwa isipokuwa ile trei kubwa ya oveni niliyoiloweka, na mimi nimekaa hapa jikoni mikono bado inanukia kitunguu saumu na siagi. Nataka niandike leo leo, maana nikilala kesho nitakuwa nimesahau nusu na hii siku sitaki kuisahau.

Nianzie mwaka jana. Ndo mara ya kwanza kuoka bata mzinga, na kwa macho alikuwa mzuri ajabu, ngozi imeiva vizuri, watu wakapiga picha. Alafu tukakata. Mapaja yalikuwa sawa ila kidari kikavu, yaani unatafuna hakishuki. Hakuna aliyesema kitu. Baba siku hizi meno yamebaki machache, akatafuna kipande kimoja muda mrefu sana, akanywa maji, alafu kilichobaki akakisogeza taratibu pembeni ya sahani akakifunika na leso ya karatasi ili nisikione. Nilikiona. Mwaka mzima nimekuwa nikiikumbuka ile leso.

Kwa hiyo safari hii nikataka kwanza nijue kosa liko wapi. Kumbe kidari na paja ni nyama mbili tofauti kabisa kwa ndege mmoja. Kidari hakina mafuta ya maana, moto ukizidi kidogo tu kinajikamua maji yote, na paja lina kano ngumu ambazo zisipofika kwenye nyuzi 80 hivi hazilainiki, sasa wewe unasubiri paja liive huku kidari kinakwisha. Hapo ndo chumvi inapofanya kazi. Ikiingia kwenye nyama inazilegeza zile protini ambazo zikipata moto hujikaza na kusukuma maji nje, basi zinajikaza kidogo tu na maji yanabaki ndani. Nilikuwa nadhani watu wanaloweka nyama kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya viungo, kumbe viungo haviingii mbali, chumvi ndo inayosafiri.

Bata wangu alikuwa wa kilo 5.8, ameganda kama jiwe. Nikamshusha kutoka friza kwenda friji siku tatu kabla ya kumloweka, hesabu ni kama siku moja kwa kila kilo mbili, na kamwe usimwache juu ya meza usiku kucha, nje anapata joto bakteria wanazaliana wakati ndani bado barafu. Kitu kingine, someni karatasi ya pakiti jamani. Wengine wanauzwa wameshadungwa maji ya chumvi, huyo ukimloweka tena hamtamla.

Kwenye chumvi nilipima kwa mizani, gramu 60 kwa kila lita, sio kwa kijiko, maana chumvi ya unga na ile ya mawe kijiko ni kimoja ila uzito hauko sawa hata kidogo. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia akasema, "Mwanangu, chumvi ikizidi hairudi." Nikampa mizani asome mwenyewe. Lita sita, gramu 360. Lita moja nikaichemsha na ile chumvi yote, sukari kidogo, pilipili manga nzima na maganda ya limau, nikaacha ipoe kabisaaa, nikachanganya na zile tano za baridi. Usimtie bata kwenye maji ya uvuguvugu hata kama una haraka.

Tukabishana kidogo kwenye kuosha. Mama amepika miaka yote akiosha kila nyama inayoingia jikoni kwake, na mimi nikamwambia mama nisamehe, huyu tusimuoshe kwenye sinki, yale matone yanaruka na bakteria wa salmonela wanasambaa kwenye vyombo na mboga, moto wa oveni utamaliza kila kitu. Akanyamaza, nikajua hajapenda. Alafu akaingia akanisaidia kutoa shingo na firigisi kule ndani, bila kusema neno akaziweka kwenye kisufuria kwa ajili ya mchuzi, na mimi nikaona huo ni ukarimu mkubwa kwa sababu jiko ni lake kabla halijawa langu.

Friji nilitoa shelfu moja ndo ndoo ikaingia. Saa 16 alikaa mle. Usiku wa manane niliamka nikaenda kuangalia kama amezama vizuri, nikakuta kifua kimechomoza juu kidogo, nikamwekea sahani ikamkandamiza, nikabaki nimesimama pale na mwanga wa friji. Hakuna kitu cha kufanya hapo, ni kusubiri tu. Mimi huwa sijui kusubiri, ila usiku ule nilitulia.

Akatoka, nikamkausha na karatasi za jikoni ndani na nje, alafu nikamrudisha friji bila kumfunika usiku mwingine mzima. Wengi wanairuka hii hatua na ndo inayoleta ngozi kavu inayolia ukiitafuna, maana ngozi yenye maji inachemka badala ya kuokeka. Asubuhi nikapitisha siagi yenye kitunguu saumu chini ya ngozi ya kidari, taratibu na vidole isichanike, miguu nikaifunga uzi. Chumvi nyingine sikuongeza hata punje.

Oveni nyuzi 220 nusu saa ya kwanza, alafu nikashusha 170. Kidari kilipopata rangi nikakifunika na foili, mapaja nikayaacha wazi. Na safari hii sikukisia, nilikuwa na kipimajoto, unakichomeka pale paja lilipo nene zaidi bila kugusa mfupa. Jumla saa tatu kasoro, kidari 74, paja 81. Nikamtoa nikamwacha apumzike dakika 40, watu wana njaa, watoto wanazunguka meza, mdogo wangu anauliza kwani tunasubiri nini. Tunasubiri maji yatulie ndani ya nyama, ukikata moto moto yote yanamwagikia kwenye ubao.

Mchuzi onjeni kwanza, yale mafuta ya trei yana chumvi tayari. Mimi niliuongezea supu ya shingo isiyo na chumvi ndo ukakaa sawa.

Nilipokata kidari kisu kikashuka chenyewe na ubao ukalowa. Nikamwekea baba kipande chembamba, nikajifanya nahudumia wengine ila jicho liko kwake. Akala. Akala na mkate, akasikiliza stori za shangazi, akacheka. Alafu akanyanyua sahani yake juu kidogo, hata hakuniangalia, akasema, "Hebu niongezee hapo kwenye kidari."

Nilimwongezea. Ilibidi nigeuke jikoni kwanza nijifanye natafuta kijiko.

Nyama iliyobaki niliitoa mifupani na kuiweka friji mapema kabla ya masaa mawili kupita, mifupa ipo kwenye sufuria inachemka polepole, nikimaliza kuandika nazima. Vipande viwili vya kidari nimevitenga kwenye kibakuli cha peke yake. Baba kasema asubuhi anavitaka, na mtu mwingine asiviguse.