Shemeji akaniuliza, mbona hailii?

Shemeji yangu alikuwa na pikipiki ya zamani, silinda moja, kabureta, ya kupiga kiki, na siku alipopata mteja akanipigia simu hata salamu hakumaliza: "Shem, kabla haijaondoka nataka video. Ila sio zile zako za kuongeaongea. Nataka sinema kabisa."

Maana vlogu zangu mimi zilikuwa za kawaida tu. Kamera kwenye kidevu cha helmeti, maiki ndogo ya waya nimeipitisha ndani ya sponji karibu na mdomo, naendesha naongea, nikirudi nakata kimya, nakata kukohoa, nakata zile "eee" zangu, naunganisha, kazi imeisha. Ukiangalia ni kama umepandishwa nyuma unapigiwa stori. Yeye shemeji alikuwa mtu wa zile video za jamaa wenye droni, pikipiki inatokea kwenye ukungu polepole, tone moja moja la maji linaruka kwenye tairi, mistari myeusi juu na chini, piano inalia pembeni. Nami nazipenda, sitaki kudanganya, nilishazitazama sana usiku nikijiuliza wanafanyaje. Kwa hiyo aliponiambia hivyo moyoni nilifurahi, nilikuwa nimepata kisingizio cha kujaribu.

Siku ya kutoka tulitoka alfajiri. Kamera yangu na ile maiki nikazifunga kwenye helmeti yake, kamera nikaiweka fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, ule mwendo wa sinema, na ukitaka ule ukungu mzuri wa kitu kinachopita basi shata, ule muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, inatakiwa iwe karibu mara mbili ya fremu, yaani 1/48 ya sekunde. Sasa kamera hizi ndogo za helmeti nyingi hazina cha kupunguza mwanga kwenye lenzi, jua likiwaka yenyewe inapandisha shata mpaka mia na elfu huko, kila jani linaonekana kali kama limekatwa na wembe. Ndiyo maana watu wanafunga filta ya ND, kile kioo cheusi cha mbele ya lenzi. Nilifunga ND16. Kwenye jua ikawa safi sana, lami inateleza chini kama inavyotakiwa.

Tukaingia kwenye miti. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wale wenye video nzuri hawakisemi. Kamera inatuliza picha kwa kukata na kusogeza kila fremu, GoPro, wale wa kamera ndogo, ndio waliofanya watu wengi wazoee hilo walipoleta HyperSmooth kwenye Hero7 Black mwaka 2018, na utulizaji huo unafanya kazi vizuri fremu zikiwa kali. Ukiwa na shata ya taratibu, mtikisiko unakuwa umeshachorwa ndani ya fremu yenyewe kama ukungu, programu inaituliza fremu ila ule ukungu unabaki, basi unapata picha imetulia halafu inapepesa macho. Yaani unachagua, ulaini wa sinema au utulivu, na ukiwa juu ya silinda moja inayotetema hivyo vitu viwili havikai pamoja vizuri. Nikamsimamisha nikatoa filta. Shemeji akauliza kuna nini, nikamwambia vumbi.

Kamera ya pili nilikuwa nimeifunga kwenye usukani wake na hiyo ndio ilikuwa kituko, kihisio cha kamera kinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, injini ikitetema kati ya mstari na mstari basi kila kitu kinapinda, tangi linacheza kama uji, ikabidi nyingi nizitupe. Droni aliazima kwa rafiki yake, tukapata vipande vichache vizuri kwenye kona moja ya mlima yenye ukungu, na klipu za fremu 120 akipita kwenye dimbwi la maji.

Na kuna kitu kimoja ambacho nilikifanya kwa mazoea tu. Nilichukua rekoda ndogo nikaifunga sponji nikaichomeka chini ya kiti chake kwa nyuma, juu ya pleti namba, upande ulio mbali na bomba la moshi, pale upepo haufiki. Nikapiga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye nipate pa kulinganishia sauti na picha. Shemeji akacheka, akasema unapiga makofi na hata hatujaondoka.

Kurudi nyumbani mafaili yalikuwa mengi mpaka diski inalia. Video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 45 kwa saa, na sisi tulikuwa na kamera zaidi ya moja. Laptopu yangu ilikuwa inagoma, nikatengeneza nakala nyepesi za kueditia kwenye programu ya DaVinci Resolve ya bure, nikalala, nikaamka nikaanza.

Sinema niliyoitengeneza ilikuwa nzuri jamani. Nasema bila aibu. Nilianza na ukungu wa droni, kimya, halafu mguu unashuka kwenye kiki taratibu, lile dimbwi la fremu 120 nikaliweka kwenye taimulaini, ule mstari wa kupangia vipande, ya fremu 24 basi sekunde moja ikawa tano, maji yanapanda yanasimama hewani yanashuka. Rangi nikazivuta, vivuli kwenye bluu, ngozi na vumbi kwenye chungwa. Muziki nikautafuta kwenye maktaba ya bure kwa sababu ukiweka wimbo wa mtu YouTube wanaukamata, mapato yanaenda kwa mwenye wimbo au video inafungwa. Juu na chini nikaweka ile mistari myeusi ya uwiano wa 2.39 kwa 1, ambayo kwenye picha ya kawaida inameza kama robo ya urefu wote, na hapo nikaona kitu kikanikera kidogo, kwenye klipu za helmeti mita ya pikipiki inakaa chini kabisa ya picha kwa hiyo mstari ukaifunika. Ile mita ilikuwa na sindano inayochezacheza na kioo chenye ufa, kila mtu aliyeijua ile pikipiki anaijua kwa huo ufa. Nikaacha hivyo hivyo. Alitaka sinema.

Akaja jioni na dada. Tukakaa, nikabonyeza. Shemeji alikuwa anatingisha kichwa, "Ee! Ona! Ona maji hayo!" Dada akasema umempendezesha mpaka nimeanza kumpenda upya. Ikafika katikati nikaona amenyamaza. Ikaisha. Akaniambia rudisha pale kwenye kiki. Nikarudisha. Mguu unashuka taratibu, piano, moshi mwembamba unatoka nyuma.

"Mbona hailii?"

Nikamwambia hiyo ni slomoshoni shem, slomoshoni haina sauti. Na kweli ndivyo ilivyo, ukivuta sekunde moja iwe tano sauti nayo inavutika mara tano, inashuka inakuwa mlio wa ajabu wa chini ambao hauna maana, na kamera nyingine zikiwa kwenye fremu nyingi hata kurekodi sauti hazirekodi. Ndiyo maana karibu kila video ya namna ile ina muziki. Watu wanadhani muziki umewekwa kwa ajili ya hisia, mara nyingi umewekwa kwa sababu chini yake hakuna kitu. Kila ukichukua slomoshoni unalipa kwa sauti, na mimi nilikuwa nimelipa video nzima.

Akasema sawa, iweke hata kwa chini chini. Nikajaribu ujanja palepale, nikachukua kipande cha sauti kutoka kwenye rekoda nikakilaza chini ya klipu ya dimbwi. Kwa mtu mwingine ingepita. Shemeji akafunga macho akasikiliza, akafungua. "Hiyo gia ya pili. Pale dimbwini nilikuwa ya tatu, nimeachia mafuta." Nikatafuta sehemu ya gia ya tatu. "Hapo inapanda mlima hiyo, sikia inavyovuta." Dada akainuka akaenda jikoni kwa sababu aliona hili halitaisha leo.

Usiku walipoondoka nikafungua taimulaini mpya, tupu, nikaitengeneza ile video kama ninavyotengeneza zangu. Nikaanza na kiki yenyewe, nzima, bila kukata. Anavuta choki, anapiga ya kwanza haiwaki, anapiga tena haiwaki, anaitukana kidogo kwa upole kama mtu anavyomtukana mtoto wake, anapiga, inakohoa, inawaka, halafu ule mlio wa kusuasua wa injini ya baridi mpaka inapokaa sawa. Kwa sheria zangu mwenyewe hiyo ningeikata mpaka ibaki kiki moja tu. Niliangalia mara kadhaa kidole kikiwa kwenye kitufe cha kukata nikashindwa.

Sauti ilinipa kazi kuliko picha. Kwenye maiki ya helmeti upepo unaanza kunguruma spidi ikipanda, dawa ya kawaida ni kukata masafa yote ya chini, chini ya hezi 80 au 100, sauti ya mtu inabaki safi. Lakini injini ya silinda moja ya mipigo minne inapiga mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inapiga mara 25 tu kwa sekunde. Lile dundo lake liko chini huko huko kunakokatwa. Unasafisha upepo unaondoka na moyo wa pikipiki. Basi maiki ya helmeti nikaikata nikaiacha ibebe maneno tu, ile rekoda ya chini ya kiti nikaiachia ibebe injini, nikalinganisha kwa lile kofi alilolicheka. Kufika mwisho wa safari vilikuwa vimeachana kidogo, vifaa viwili haviendi na saa moja sawasawa, nikawa nakata rekoda nasogeza kila tulipokuwa tumesimama.

Nilivyomaliza ilikuwa video ndefu, haina rangi za ajabu, mita inaonekana na ufa wake. Katikati ana sehemu anaongea peke yake akidhani siisikii, anaiambia pikipiki "taratibu mama, kona hii unaijua." Hiyo sikuigusa hata kwa fremu moja.

Nikaacha kitu kimoja cha sinema. Ile kona ya ukungu ya droni. Droni yenyewe haikuwa na sauti ya maana, kelele za mapanga tu, ila haikuwa slomoshoni, ilikuwa spidi ya kawaida, kwa hiyo injini ya kwenye rekoda iliingia pale pale, kona ile ile, gia ile ile. Nikaianzisha sauti kabla picha haijafika, unaisikia inakuja ukiwa bado uko kwenye picha ya kamera ya helmeti, halafu ndio ukungu unafunguka. Hakuna muziki. Kama kuna kipande nimewahi kukitengeneza nikajipigia makofi mwenyewe ni hicho.

Shemeji alipokuja kuiona alikaa kimya ile kiki yote. Dada alikuwa mlangoni ana beseni, akasema hiyo ndio ilikuwa inaniamshia watoto saa kumi na moja. Gia alizikagua zote, nikaona vidole vyake vinahesabu kwenye goti, hakupata kosa. Ila akasema bado dimbwi limekosekana na dimbwi lilikuwa zuri. Hapo tulibishana mpaka chai ikapoa na hatukukubaliana, yeye anaamini dimbwi lingeingia hata kimya kimya, mimi naamini ukishazima injini kwa sekunde tano pale katikati mtu anakumbuka kwamba anaangalia video. Dimbwi halikuingia kwa sababu laptopu ni yangu.

Tukaipandisha. Na kwa furaha zake akamtumia mteja linki kabla hajaja kuchukua chombo.

Mteja naye alikuwa na masikio. Akaangalia ile kiki ya mwanzo, ile niliyokataa kuikata, akapiga simu: "Hiyo ta-ta-ta inayosikika ikiwa ya baridi ni tapeti hiyo, punguza bei." Shemeji akanipigia mimi. "Shem. Kwenye ile ya piano haisikiki."

Nilicheka mpaka akakata simu. Jumamosi tukafungua kifuniko cha valvu injini ikiwa baridi, pistoni juu, fila, vile vibati vya kupimia uwazi, mkononi, na kweli uwazi wa tapeti kwenye valvu ulikuwa umezidi, tukaseti, ikatulia. Mteja alikuja akapiga kiki mwenyewe, akainama akasikiliza, akalipa bila kupunguziwa. Shemeji alihesabu hela, akaweka mfukoni, halafu akanivuta pembeni akaniambia siku akiuza nyingine naweka kwanza ile ya muziki, akishapokea chake ndio niweke yenye sauti.