Siku Mama Alipoongeza Mahindi Baada ya Bei Kupanda

Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya ukame ulioikumba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mahindi yalipanda bei hata kwetu Mbeya, mkoa unaotegemewa kulisha wengine. Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, na Jumamosi moja nilifuatana na Mama hadi soko la Mwanjelwa ili nimsaidie mzigo. Debe tulilozoea kulinunua kwa shilingi 3,000 lilikuwa limefika 4,500. Mama alichota punje chache, akang'ata moja kupima ukavu wake, kisha akamwambia kijana aliyekuwa akiuza, "Nipimie debe moja na robo, mwanangu." Siku zote alikuwa akichukua debe moja tu.

Mfanyabiashara mmoja aliyesimama pale alisema kwamba bei bado haijawauma watu, kwa kuwa ingewauma wangepunguza kununua. Maneno yale yaliniudhi, kwa sababu nilikuwa naijua hesabu ya Mama. Fedha yake ya chakula kwa wiki ilikuwa 8,000. Hapo awali, akishalipa mahindi, alinunua kilo tano za mchele wa Kyela kwa 3,000, na 2,000 zilizobaki zikaenda kwenye nyama, mafuta na chumvi. Kwa bei mpya, debe lile lile na mchele ule ule vingemwachia 500 tu. Akauacha mchele na nyama, akaziba pengo la matumbo yetu kwa robo debe ya ziada, kisha akapata dagaa na mafuta kwa fedha iliyosalia. Hata baada ya kupanda, kilo ya mahindi ilikuwa haifiki nusu ya bei ya kilo ya mchele.

Nilipokuja kusoma uchumi, nilikuta jambo lile limeelezwa vizuri. Bei ya bidhaa inapopanda, nguvu mbili hufanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni athari ya ubadilishaji, inayomsukuma mnunuzi kwenye bidhaa nyingine ambazo sasa zimekuwa nafuu zaidi kwa kulinganisha. Ya pili ni athari ya kipato, kwani fedha ile ile sasa inanunua vitu vichache, na mtu amekuwa maskini zaidi ingawa mshahara haukuguswa. Kwa bidhaa duni, yaani ile ambayo watu huipunguza wanapopata uwezo, umaskini huo humrudisha mnunuzi kwenye bidhaa hiyo hiyo. Kwa kawaida nguvu ya kwanza hushinda. Jirani yetu mmoja mwenye mshahara mzuri alipunguza ugali msimu ule, akaongeza ndizi na viazi, kwa kuwa mahindi yalikuwa sehemu ndogo ya matumizi yake. Kwetu yalikuwa zaidi ya theluthi ya fedha yote hata kabla ya bei kupanda, na nguvu ya pili ikashinda.

Mchumi wa Uingereza Alfred Marshall alilitaja jambo hili la watu kununua zaidi bei inapopanda mwaka 1895, akimtaja mtakwimu Robert Giffen kuwa ndiye aliyeliona, lakini ushahidi madhubuti ulichelewa mno. Mwaka 2008 wachumi Robert Jensen na Nolan Miller walichapisha matokeo ya jaribio lao katika jimbo la Hunan, China: kaya maskini zilizopunguziwa bei ya mchele zilikula mchele kidogo zaidi, zikaongeza vyakula vingine.

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Mavuno yalipoingia na debe likashuka bei, Mama alirudi kwenye debe moja, na mchele ukarudi mezani.