Entebbe hadi Nairobi: kilomita 521, ila si dakika 40

Baadhi ya vikokotoo vya mtandaoni hugawanya umbali kwa mwendo wa ndege ikiwa angani, kisha vinakupa dakika 40 kutoka Entebbe hadi Nairobi. Umbali wao ni sawa. Muda wao utakuponza.

Umbali unaweza kuupata kwa kalamu tu, kwa sababu Entebbe iko karibu kabisa na ikweta, na huku digrii moja, ya latitudo au ya longitudo, ni kilomita 111 hivi. Entebbe ni 0.04 kaskazini, 32.44 mashariki. Jomo Kenyatta ni 1.32 kusini, 36.93 mashariki. Kwa kuwa ikweta inapita katikati yao, latitudo zinajumlishwa: 1.36. Longitudo zinatolewa: 4.49. Kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, utapata 4.69. Mara 111 ni 521. Wengi hukosea hapo kwenye latitudo. Kwa Entebbe kosa halionekani, lakini anzia Arua, digrii 3 kaskazini, utoe badala ya kujumlisha, na kilomita nyingi zitapotea. Ukiona 281 mahali, usishangae: hizo ni maili za baharini, ambazo marubani hutumia. Zidisha kwa 1.852.

Sasa muda. Ndege ya jeti hukimbia kilomita 800 na zaidi kwa saa, lakini ikiwa juu tu. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida haizidi noti 250 (maili za baharini kwa saa), yaani kilomita 463 kwa saa. Kwa safari fupi kama hii, ikimaliza kupanda karibu inaanza kushuka. Ongeza kutembea ardhini hadi njia ya kurukia, foleni ya kutua Nairobi, na mzunguko wa kujipanga na uwanja. Tiketi huhesabu yote hayo, tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama.

Kanuni ninayoiamini kwa jeti: gawanya kilomita kwa 800, ongeza nusu saa. Nairobi, saa moja na dakika 9. Dar es Salaam, kilomita 1,075, karibu saa moja na dakika 50. Kwa ndege ya mapanga gawanya kwa 500. Upepo usikusumbue sana: kwenye ikweta hatuna ile mikondo mikali ya juu inayofanya London na New York zitofautiane muda wa kwenda na kurudi.

Kigali ndiyo huwachanganya watu. Ni kilomita 340, dakika 56 hivi, lakini Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiondoka Entebbe saa 10:00, tiketi itaonyesha unafika 09:56. Wakala hajakosea, anayekuja kukupokea mwambie saa ya Kigali, siyo ya Kampala.