Leseni ya MIT niliichagua mwenyewe
Juzi nimekuta msimbo wangu wa kusoma faili za picha ndani ya programu ya kulipia ya kampuni moja kubwa. Jina langu lipo, mstari mmoja mwisho kabisa wa ukurasa wa leseni, kama MIT inavyodai: leseni hiyo inamruhusu yeyote kutumia msimbo, hata kwenye programu ya kuuza, mradi abakize jina la mwandishi na maandishi ya leseni. Hawajavunja chochote. Kilichoniuma ni hitilafu iliyoninyima usingizi wiki nzima: mhandisi wao ananiambia walishairekebisha zamani, na marekebisho wameyafungia kwao. GPL, leseni nyingine ya programu huria, ingewalazimu kuwapa wateja wao msimbo pamoja na marekebisho hayo.

Mradi mpya nauweka chini ya AGPL ya 2007, ndugu ya GPL inayomtaka hata anayetoa huduma mtandaoni awape watumiaji msimbo alioubadilisha. Utaendeshwa kwenye seva, na GPL ya kawaida haimbani anayetoa huduma mtandaoni bila kusambaza programu yenyewe. Kampuni nyingi zitaukwepa, najua, na nimeridhia.