Wewe ni mwalimu?

Bado namjibu yule DOS, mkuu wa taaluma wa shule tuliyokwenda kumtafutia binti yangu Rehema nafasi ya S.5, yaani kidato cha tano. Namjibu nikipiga pasi, namjibu nikiwa kwenye boda, na jana nimemjibu huku namchukua mteja vipimo vya kiuno, hadi yule mama akaniuliza, "Umesemaje?" Nikamwambia nahesabu inchi.

Wiki hii mdogo wangu amejifungua mapacha, Baba Rehema amerudi salama kutoka Juba, mota ya cherehani ya ovaloki imeungua. Yote nimeyapokea, nimeshukuru, nimelipa. Lakini kichwani yumo mtu mmoja tu, na hata jina lake silijui.

Shule yenyewe iko njia ya Kampala, yenye bango la nyuso za watoto waliopata pointi 20. Rehema ameng'ang'ania PCM, fizikia, kemia na hesabu, na mimi nimekubali. Bango nalo nililiheshimu, kwa sababu pointi 20 za UACE, mtihani wa Uganda wa kumaliza S.6, si mchezo: A tatu za pointi sita sita, juu yake moja ya General Paper na moja ya ICT. Ila bango linakuonyesha waliofika. Walioanza PCM wakahamishwa kimyakimya kwenye HEG, historia, uchumi na jiografia, halina nafasi ya kuwabandika, kwa hiyo nikaona niulize.

"Mwalimu, watoto wa PCM wanaingia labu mara ngapi kwa wiki?"

Hakuinua macho kwenye simu. "Mama, wewe ni mwalimu?"

"Hapana, mimi ni fundi cherehani."

"Basi hayo utuachie sisi. Basa yuko mlango wa pili."

Ndiyo hivyo tu, hakuongeza neno. Hakunitukana, tena "mama" alinipa. Dada yangu mkubwa hata haoni kosa liko wapi. Anasema mwalimu alikuwa na kazi, siku za kuripoti S.5 zimejaa wazazi wa kila namna. Labda. Mbona basa hakuniuliza kama mimi ni mhasibu kabla ya kunitajia karo?

Na swali langu halikuwa la kujionyesha. Fizikia ya S.6 ina mtihani wa mikono: unawekewa waya, amita, pendulamu, unapima, unachora grafu, saa inakwenda. Anayetaka uhandisi Makerere, hesabu na fizikia ndizo zinazozidishwa mara 3 kwenye alama zake. Wasichana tunaongezewa pointi 1.5 tangu 1990, sawa, Mungu awabariki walioiweka, lakini pointi hiyo haimfai kitu mtoto anayeshika amita mara ya kwanza mbele ya msimamizi wa UNEB, baraza la mitihani. Kwa mtaala huu mpya ambao kina Rehema wamemaliza nao S.4, asilimia 20 ya alama imetoka kwenye kazi walizofanya shuleni. Watoto hawa wamezoea kushika vitu. Nimpeleke mahali akakariri ubaoni?

Jibu langu la kwanza, lililonijia tukiwa bado getini, lilikuwa: "Mimi si mwalimu, ila ada mnaipokea kwa fundi." Kali, lakini la sokoni. La pili lilikuja usiku: "Mwalimu, mimi nguo naigeuza nje ndani kabla ya kuisifu, nione mshono." Hilo nililipenda mpaka nikaamka kunywa maji. La tatu si jibu hasa. Pindo la suruali yake, mguu wa kushoto, lilikuwa limefumuka, uzi unaburuta sakafuni, na kisigino cha kiatu kinaukanyaga kila akigeuka. Ningesema kwa adabu zote, "Mwalimu, hilo pindo utuachie sisi."

Tulipofika Najjembe teksi ikasimama, wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku wakajazana madirishani. Rehema akanunua gonja, akaniambia mdomo ukiwa umejaa, "Mama, ule mlango wa labu una kufuli lenye kutu." Kumbe nilipokuwa kwa DOS yeye alisema anakwenda chooni, akazunguka. Alichungulia dirishani: stuli zimepandishwa juu ya meza, vumbi. Akamuuliza msichana aliyekuwa akifua. Akajibiwa kwamba practical huwa wanafanya muhula wa tatu, UNEB ikikaribia. Nikacheka hadi kondakta akageuka. Mimi nakwaruzana na mzee ofisini, mtoto ameshapata jibu kwa mfuaji nguo!

Baba Rehema ana wimbo wake, anayesoma ni mtoto, si shule. Kweli nusu. Mtoto hawezi kusoma byureti, ule mrija wa kupimia wa maabara, ikiwa imefungiwa.

Basi Alhamisi tukaenda kwenye shule nyingine, upande wa Tororo. Bango lake limepauka, huoni sura ya mtu. Nilipouliza swali lilelile, mwalimu alisema, "Njoo umuulize mwenyewe," akatupeleka kwa mama anayetunza maabara, mtu mzima, koti jeupe lenye madoa ya kahawia na mfuko ulioshonwa upya kwa mkono, mshono mzuri sana. Nyuma ya mlango amebandika karatasi ya vilivyovunjika: byureti, S.6. Bika mbili, S.3. Pipeti, S.5, amelipa. Safu kwa safu, kalamu za rangi tofauti, hadi tarehe ya Jumanne ile. Rehema aliisoma yote kama barua ya nyumbani. Yule mama akamwambia, "Binti, wewe pia utavunja. Utalipa." Halafu akamkabidhi amita aishike.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwenye ile karatasi. Chombo kisichovunjika kiko kabatini. Nafasi tumepata. Godoro lipo, sanduku la bati analo la binamu yake, zimebaki rimu za karatasi na ufagio. Sare nitamshonea mwenyewe wakiniruhusu, na wasiponiruhusu nitazifumua nizishone upya.

Kinachonitatiza sasa ni mwenye nyumba. Tarehe 1 huwa anafika hapa kwetu Mpumudde, Jinja, kabla sijafungua dirisha, na mwezi huu hajaonekana. Mama Swabra anasema alimwona juzi nyuma ya vyoo na wanaume wawili wenye futi, wanapima hadi kwenye mwembe. Pesa ya kodi ninayo, imekaa ndani ya kopo, na simu yake inaita tu. Anayejua kama mtu anaweza kuuza nyumba na wapangaji wamo ndani, na tunapewa notisi ya muda gani, aniambie mapema.