Siku moja maishani mwangu: kupima mwanga mdogo kuliko wote

Saa 12 na nusu asubuhi

Kazi yangu ni kutafuta mwanga mdogo kabisa ambao jicho la binadamu linaweza kuutambua. Mwanga wenyewe ni fizikia, kinachotokea ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni kemia, na neno "nimeona" linalotoka mdomoni mwa mshiriki ni saikolojia. Kundi letu lina watu wa fani zote tatu. Mimi nilisomea saikolojia, lakini asubuhi hunikuta nimeinama juu ya mtambo wa mwanga kabla sijakutana na mshiriki yeyote.

Mtambo una taa, kichujio kinachopitisha mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 510, kilango kinachofunguka kwa milisekunde 1 tu, na vichujio vya kijivu vya kupunguza nguvu. Kimoja chenye daraja la 3 hupitisha sehemu 1 kati ya 1,000. Napima kila kimoja peke yake, nafuta vumbi, napima tena. Hapa sikubali kuharakishwa, maana hitilafu ndogo ya kichujio mchana itajitokeza kama tabia ya mshiriki na hakuna atakayeweza kuzitofautisha.

Hata mtambo ukiwa safi, mimweko miwili haifanani. Ukiulekeza utoe wastani wa fotoni 100, yaani chembe 100 za mwanga, mweko mmoja utatoa 92, unaofuata 109. Mtawanyiko huo ni asili ya mwanga, na hakuna fundi wa kuuondoa.

Saa 2 asubuhi

Nahamia kwa wanakemia. Wanafanya kazi chini ya taa nyekundu hafifu, kwa kuwa rodopsini, molekuli inayonasa mwanga ndani ya seli fimbo, zile seli za retina zinazoona mwanga hafifu, haiguswi sana na mwekundu. Yao wameichuja kutoka kwenye retina za ng'ombe.

"Dada, njoo uangalie kabla haijaisha," ananiita mwenzangu, kisha anaiweka sampuli kwenye mwanga mweupe. Kimiminika kilikuwa cha zambarau yenye wekundu. Ukingo unaoelekea taa unageuka rangi ya chungwa, chungwa inasambaa, na baada ya muda mfupi kijichupa kizima ni manjano. Nimeliona hili mara nyingi na bado huwa naacha ninachofanya ili nilitazame.

Ndani ya kila rodopsini kuna retinali, kipande kinachotokana na vitamini A, kikiwa kimepinda. Fotoni ikikigonga, kinanyooka kwa muda wa femtosekunde 200 hivi (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde), na kuona kunaanzia hapo. George Wald, aliyetumia miaka mingi kuichunguza kemia hii, alipata Nobeli mwaka 1967 pamoja na Ragnar Granit na Haldan Keffer Hartline.

Kinachotukosesha usingizi sisi ni kwamba retinali inaweza kunyooka yenyewe, kwa joto la mwili tu, bila fotoni yoyote. Kwa molekuli moja ni jambo la nadra mno. Unaweza kuisubiri kwa mamia ya miaka. Lakini seli fimbo moja ina molekuli zipatazo milioni 100, kwa hiyo hutokea ndani ya kila seli baada ya dakika mbili tatu. Na jicho lina seli fimbo zipatazo milioni 100. Piga hesabu: katika kila sekunde ya giza totoro, seli laki kadhaa zinapeleka habari ya mwanga ambao haupo.

Saa 4 asubuhi

Mshiriki wa leo ni mama mmoja mtu mzima. Anasoma fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, anauliza maswali, anatia sahihi. Tunaingia kwenye chumba cha giza na kungoja. Seli koni, zile za mwanga mkali na rangi, humaliza kulizoea giza ndani ya dakika 10 hivi, ila seli fimbo huendelea kuongeza wepesi wao kwa nusu saa na zaidi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo zinavyochelewa. Yeye nampa dakika 45.

"Mwanangu," ananiuliza gizani, "nikiwa na shaka niseme nini?"

"Sema hiyo hiyo shaka, mama. Moja ni hapana kabisa, nne ni nina hakika. Mbili na tatu ni zako."

Swali lake limebeba historia ndefu. Gustav Fechner, mwanafizikia wa Leipzig aliyechapisha mwaka 1860 kitabu chake cha saikofizikia, yaani upimaji wa uhusiano kati ya kichocheo na hisia, alikiona kizingiti cha hisia kama mstari: chini yake hakuna hisia, juu yake ipo. Karne moja baadaye, nadharia ya ugunduzi wa ishara ilitupa njia ya kutenganisha mambo mawili aliyoyauliza mama kwa sentensi moja: jicho lake limepokea nini, na yeye anahitaji uhakika kiasi gani kabla ya kusema ndiyo.

Saa 5 asubuhi

Kidevu kwenye kiegemeo, jicho kwenye nukta nyekundu hafifu. Mweko unakuja pembeni, nyuzi 20 kutoka kwenye nukta, kwenye seli fimbo nyingi. Anabonyeza kitufe, anataja namba. Katikati ya majaribio tumechanganya mengine matupu, kilango hakifunguki. Kwenye mojawapo anasema "tatu" bila kusita.

Simsahihishi. Naiandika tatu yake kwa uangalifu ule ule ninaoandika usomaji wa kigunduzi cha mwanga.

Saa 8 mchana

Baada ya mapumziko ni kompyuta. Kila nikichora grafu za majibu ya washiriki nawakumbuka watafiti Hecht, Shlaer na Pirenne. Mwaka 1942 walionyesha kwamba mtu huhitaji fotoni 54 hadi 148 kwenye uso wa jicho ili auone mweko mara nyingi. Nyingine huakisiwa, nyingine humezwa njiani, nyingine hupita retina bila kunaswa. Zinazobaki ni 5 hadi 14, zimetawanyika juu ya seli fimbo 500 hivi. Ni vigumu seli moja kupata mbili. Maana yake, fotoni moja inatosha kuiamsha seli fimbo. Walilijua hilo kwa kuwauliza watu wameona nini! Ilikuwa 1979 ndipo watafiti Baylor, Lamb na Yau walipopima umeme wa seli fimbo za chura na kuona mwitikio wa fotoni moja moja.

Saa 10 jioni

Kikao kinakuwa kirefu. Mwanafizikia wetu anataka washiriki wanaosema "nimeona" kwenye majaribio matupu waondolewe. Kwake ni watu wanaobahatisha. Mwanakemia anapinga: joto peke yake linaweza kuzalisha majibu hayo. Anakumbusha utafiti wa vyura wa 1988, ambamo waliopozwa walitambua mwanga hafifu zaidi kuliko wenye joto. Kama joto la molekuli linamfikia chura hadi kwenye uamuzi wa kuruka, kwa nini lisimfikie mtu hadi kwenye neno lake?

Mimi niko upande wa kutomwondoa mtu. Kumfuta mshiriki kwa sababu jibu lake halilingani na taa ni kuamua mapema kwamba taa ndiyo chombo pekee chumbani. "Tatu" ya mama yule huenda ilikuwa bahati, huenda ilikuwa seli kadhaa zilizowaka pamoja. Alama za uhakika zinaweza kusaidia kuzitenganisha, mradi majaribio matupu yawe mengi kuliko tuliyo nayo sasa.

Mwanafizikia anakubali kwa sharti kwamba mwanga wowote unaopenya bila kukusudiwa upimwe upya chumbani kote. Ni sharti la haki. Naandika utaratibu mpya: majaribio matupu yatakuwa nusu ya yote, na kilango kitatoa mlio ule ule kifunguke kisifunguke, ili sikio lisilisaidie jicho.